Kabla ya Kuchimba Bwawa la Samaki, Iulize Ardhi Kwanza



Siku hizi katika vijiji vingi watu wanazungumza habari za bwawa la samaki. Ni jambo jema. Samaki ni chakula cha kujenga mwili. Samaki wanaobaki huuzwa, na nyumba ikapata fedha za chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Tena bwawa likiwa nyuma ya nyumba, huna haja ya kwenda ziwani wala kumngoja mchuuzi wa baiskeli.

Basi mtu akisikia hayo, mara huchukua jembe. Anatazama nyuma ya nyumba, anaona pana nafasi, anaanza kuchimba. Anachimba wiki tatu, wiki nne. Watoto wanabeba udongo kwa karai. Mvua inanyesha, bwawa linajaa, wote wanafurahi. Mvua inakatika, na maji nayo yanakwenda zake. Baada ya mwezi mmoja hakuna bwawa tena, kuna shimo. Samaki wamekufa, fedha ya vifaranga imepotea, na mahali palipofaa kwa migomba au mchicha sasa hapalimiki.

Mtu huyu si mvivu. Amefanya kazi kubwa kuliko majirani zake wote. Ila alichimba kabla ya kuuliza. Alifikiri kuwa mahali penye nafasi ndipo penye bwawa. Sivyo. Kiwanja kinaweza kuwa kipana na kizuri kwa macho, lakini kisishike maji hata siku mbili.

Katika makala hii tutaeleza namna ya kukipima kiwanja chako kabla hujaanza kazi kubwa. Vifaa vyake si vya gharama: jembe, ndoo, kamba, mpira wa maji na saa. Kitu kingine kinachotakiwa ni subira ya siku chache. Mwisho utapata jibu: ndiyo, au hapana. Na jibu la hapana lisikuvunje moyo. Limekuokolea kazi ya mwezi mzima.

TUMEKWISHA KUONA HAYA ZAMANI

Ufugaji wa samaki katika mabwawa si jambo geni nchini Tanzania. Ulianza kujaribiwa mwaka 1949, huko Korogwe katika Mkoa wa Tanga, na Malya katika Mkoa wa Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa. Lakini baadaye yaliacha kufanya kazi, kwa sababu ya ukame, ufundi usiofaa na matunzo hafifu.

Mwaka 1967 Serikali ilianzisha kampeni ya ufugaji wa samaki kwa nchi nzima. Watu waliitika. Kufika mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa yapatayo 8,000. Hata hivyo, baadhi yalikuwa madogo mno, ya mita za mraba 20 tu. Mavuno yake yalikuwa kidogo sana.

Tunajifunza nini hapo? Wingi wa mabwawa siyo wingi wa samaki. Afadhali kijiji chenye mabwawa matatu yanayoshika maji mwaka mzima, kuliko kijiji chenye mashimo thelathini makavu.

Sasa twende tukapime. Yapo mambo sita ya kuangalia.

1. MAJI YATATOKA WAPI?

Hili ndilo la kwanza. Kama hapana maji ya uhakika, usisumbuke kuangalia mengine.

Bwawa ni kama mtungi wenye ufa mdogo. Kila siku linapoteza maji kwa njia mbili. Jua linayageuza kuwa mvuke, na udongo unayanywa. Kwa hiyo haitoshi kuwa na maji ya kujaza bwawa mara moja. Lazima uwe na maji ya kuongeza kila siku, hasa wakati wa kiangazi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme unataka bwawa lenye urefu wa mita 15, upana wa mita 10, na kina cha mita 1.

15 × 10 × 1 = mita za ujazo 150.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ndoo moja kubwa ni lita 20. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ni ndoo 50.

150 × 50 = ndoo 7,500.

Ndoo elfu saba na mia tano! Hapo akina mama watauliza: nani atabeba? Nao wana haki ya kuuliza, maana sisi sote tunajua ni nani hutumwa maji katika nyumba zetu.

Tuendelee. Siku ya jua kali, maji ya bwawa yanaweza kupungua kama nusu sentimita kwa mvuke peke yake. Ukitazama kwa jicho, nusu sentimita ni kitu kidogo, kama unene wa kidole kidogo, tena haufiki. Lakini katika bwawa letu la mita 15 kwa 10, nusu sentimita ni lita 750. Hizo ni karibu ndoo 38, kila siku, na bado hatujahesabu maji yanayonywewa na udongo. Kwa hiyo bwawa la kubebea maji kichwani ni mzigo usiobebeka. Maji lazima yaje yenyewe kwa mfereji au kwa bomba, yakiteremka kutoka kwenye chemchemi au kijito.

Na maji ya bomba la kijiji? Hayo yamewekwa kwa ajili ya kunywa na kupikia, na ni ya wote. Ukiyaelekeza kwenye bwawa lako, jirani atakosa ya uji wa mtoto. Usianze ufugaji kwa ugomvi.

Jinsi ya kupima mfereji. Nenda kwenye mfereji wako. Ziba kwa udongo ili maji yote yapite mahali pamoja, kisha yakinge kwa ndoo ya lita 20. Tazama saa. Ndoo inajaa kwa muda gani?

Tuseme imejaa kwa dakika 1. Hizo ni lita 20 kwa dakika. Kwa saa moja ni lita 1,200. Kwa siku nzima ni lita 28,800. Bwawa letu la lita 150,000 litajaa kwa siku tano na kidogo, kama udongo hauvuji. Hapo pana maji ya kutosha. Lakini kama ndoo inajaa kwa nusu saa, siku nzima utapata lita 960 tu. Hizo zitazidi kidogo tu zile zinazochukuliwa na jua. Bwawa halitajaa.

Kipimo hiki kifanywe mwisho wa kiangazi, siyo wakati wa masika. Masika kila mtu ana maji. Kiangazi ndicho kinachosema kweli.

2. UDONGO WAKO UNASHIKA MAJI?

Udongo wa bwawa ni udongo wa mfinyanzi, au ulio na mfinyanzi mwingi. Mchanga haufai. Kokoto hazifai. Akina mama wanaofinyanga vyungu wanaujua udongo huu kuliko mtu yeyote. Kama wapo kijijini kwako, waite waje waangalie.

Lakini jihadhari: udongo wa juu hudanganya. Juu unaweza kuona mfinyanzi mweusi mzuri, kumbe nusu mita chini ni mchanga mtupu. Bwawa litakaa juu ya huo wa chini. Basi chimba mashimo madogo ya majaribio, moja katikati na moja kila pembe ya mahali unapotaka bwawa. Kila shimo liwe na kina cha mita moja na nusu hivi, yaani kuzidi kidogo kina cha bwawa lenyewe. Kisha fanya majaribio matatu.

Jaribio la tonge. Chukua udongo wa chini ya shimo, kiasi cha kujaa kiganja. Ulowanishe kidogo, uufinye uwe tonge kama la ugali. Urushe juu kidogo, udake. Likipasuka na kumwagika, udongo una mchanga mwingi, haufai. Likibaki zima, huenda unafaa. Tunasema huenda, kwa sababu tonge peke yake halitoshi. Nenda jaribio la pili.

Jaribio la maji. Chimba shimo jingine lenye kina cha kufika kiunoni. Asubuhi na mapema lijaze maji mpaka juu kabisa. Jioni utakuta maji yamepungua. Usikate tamaa, maana udongo mkavu lazima unywe kwanza ushibe. Lijaze tena mpaka juu. Lifunike kwa mbao au matawi yenye majani, ili yasiyeyuke hewani na mtoto au mbuzi asitumbukie. Asubuhi ya pili funua. Kama sehemu kubwa ya maji bado ipo, udongo wako unashika maji. Kama shimo ni kavu, au kuna tope tu chini, ardhi imekujibu. Hapo si mahali pa bwawa.

Jaribio la maji ya chini. Chimba shimo la mita moja, lakini usitie maji. Lifunike kwa matawi usiku kucha. Asubuhi litazame. Kama limejaa maji lenyewe, maji ya ardhini yako karibu. Wengi hufurahi wakiona hivyo. "Mungu ametupa kisima na bwawa kwa pamoja!" Kweli, bwawa la namna hii hujaa bila mfereji. Lakini kulikausha ni kazi, maana ukitoa maji mengine yanapanda. Kuvuna samaki wote, kutoa tope na kutengeneza kingo kutakuwa na taabu. Lijue hilo kabla ya kuamua.

Udongo mweusi wa mbuga nao tuutaje. Ukilowa unashika maji vizuri, lakini ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Bwawa katika udongo huu lisiachwe likae kavu muda mrefu.

Jirani anaweza kukucheka akiona unachimba vishimo vidogo vidogo. "Jirani, mbona unachimba mashimo ya panya? Si uchimbe bwawa tujue moja?" Mjibu kwa upole: "Hili dogo likinikataa, nalifukia kwa saa moja. Lile kubwa likinikataa, ndugu yangu, utakuja kunisaidia kulifukia?"

3. MTEREMKO UKOJE?

Bwawa zuri huingiza maji upande wa juu na kuyatoa upande wa chini, yote kwa kuteremka yenyewe. Kwa hiyo kiwanja kinatakiwa kuwa na mteremko kidogo. Mahali palipo tambarare kabisa, maji hayatatoka unapotaka kukausha bwawa. Mahali penye mteremko mkali, itakubidi ujenge ukingo mrefu sana upande wa chini, na ukingo mrefu ni rahisi kubomoka.

Pima hivi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama ule wanaotumia mafundi waashi. Simamisha kijiti upande wa juu na kingine mita 10 chini yake. Jaza mpira maji, mmoja ashike ncha hii kwenye kijiti cha juu, mwingine ashike ncha ile kwenye kijiti cha chini. Maji yakitulia, yatakuwa sawasawa pande zote mbili. Tieni alama kwenye kila kijiti pale maji yalipofika. Sasa pima kutoka kwenye alama hadi ardhini, kijiti kwa kijiti. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko wako.

Kwa mfano, juu umepata sentimita 60, chini sentimita 80. 80 – 60 = sentimita 20. Ardhi yako inashuka sentimita 20 katika mita 10. Huo ni mteremko mzuri. Ukipata kati ya sentimita 10 na 30, endelea na mpango wako. Ukipata mita nzima, tafuta mahali pengine.

Angalia pia kwamba mahali pa kuingizia maji ni chini ya chanzo chako. Maji hayapandi mlima kwa kuombwa.

4. MAFURIKO, NA SHERIA

Mahali palipo bondeni kabisa, kando ya mto, pana udongo mzuri na maji mengi. Ndiyo maana watu hupapenda. Lakini mto ukifurika, maji yatapita juu ya kingo na samaki wako watakwenda zao. Tena samaki wa kufugwa wakitorokea mtoni wanaweza kuwasumbua samaki wa asili wa mto huo.

Waulize wazee. Waulize hivi: "Mzee, mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, maji yalifika wapi hapa?" Watakuonyesha mti au jiwe. Usichimbe chini ya alama hiyo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ufuko wa ziwa. Mita 60 ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu anayechepusha maji ya mto au kuyakusanya bwawani apate kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa, kama vile Pangani, Rufiji na Ziwa Victoria, na kila bonde lina bodi yake.

Usiogope neno kibali. Anzia ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi wa wilaya watakuelekeza. Kusudi la sheria hizi ni kwamba walio chini ya mfereji nao wapate maji. Leo wewe uko juu ya mtu, kesho kuna mtu atakuwa juu yako.

5. NI NINI KILICHO KARIBU?

Simama katikati ya kiwanja chako, uzunguke, utazame pande zote.

Choo kiko wapi? Bwawa lisiwe chini ya choo, na liwe mbali nacho, mita 30 au zaidi. Uchafu wa choo ukipenya bwawani huleta magonjwa kwa watu wanaoingia majini na wanaoandaa samaki.

Shamba la jirani liko wapi? Kama analima pamba, nyanya au kahawa na anapiga dawa za wadudu, mvua ikinyesha dawa hiyo itateremka. Dawa zinazoua wadudu nyingi huua na samaki pia.

Kuna kichuguu? Kichuguu kina njia nyingi chini kwa chini. Maji yatapotelea humo, na hutajua yanakwenda wapi. Usichimbe bwawa juu ya kichuguu, wala usitumie udongo wake kujengea kingo.

Kuna miti mikubwa? Mizizi hai hutoboa kingo. Mizizi iliyokufa huoza na kuacha vitundu vya kuvujisha. Na kivuli nacho si kizuri. Samaki kama perege na sato hula vimea vidogo vya kijani vinavyoota majini, na vimea hivyo vinataka jua. Samaki hao pia wanapenda joto. Maji yenye nyuzi 25 hadi 30 yanawafaa sana. Yakishuka chini ya nyuzi 20, hukua polepole mno. Wenzetu wa nyanda za juu zenye baridi walikumbuke hili.

Nyumba iko karibu? Ukaribu huu ni faida. Kenge, fisi maji, ndege wala samaki, na wezi wenye miguu miwili, wote hupenda bwawa lisilo na mwenyewe. Bwawa lionekanalo kutoka mlangoni hulindwa bila kulipa mlinzi. Lakini ukaribu huohuo una hatari yake, nayo ndiyo tunayoieleza sasa.

6. WATOTO

Hapa tunaomba msome polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Bwawa nyuma ya nyumba ni maji marefu mahali watoto wanapocheza. Mtoto mdogo hahitaji kina cha mtu mzima ili azame. Maji ya kufika magotini mwako yanamtosha. Naye mara nyingi hazami kwa kelele. Anateleza, anaingia, kimya. Mama yuko jikoni, hakusikia kitu.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu kuzama majini. Lilieleza kwamba kuzama ni miongoni mwa sababu kumi kubwa za vifo vya watoto na vijana katika kila sehemu ya dunia.

Kwa hiyo jiulize kabla ya kuchimba: naweza kulizungushia bwawa hili uzio? Uzio wa miti, mianzi au matete yaliyosukwa unafaa, mradi mtoto wa miaka mitatu asiweze kupenya wala kupanda, na mlango wake ufungwe kwa komeo la juu asilolifikia. Uzio huu siyo pambo la kuongeza baadaye fedha zikipatikana. Ni sehemu ya bwawa, kama kingo zilivyo. Kama huna miti, nguvu wala nafasi ya uzio, basi jibu la kiwanja chako ni hapana, hata kama udongo ni mzuri na maji ni mengi. Samaki mia tatu hawalingani na mtoto mmoja.

Kuna na magonjwa. Kichocho huenezwa na konokono wa majini. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, vijidudu huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu mwingine anayeingia majini. Mbu wa malaria nao huzaliana kwenye maji yaliyotulia, hasa penye nyasi kandoni. Kinga yake ni kufyeka nyasi za kingo, kutoa magugu ya majini, na kutoruhusu mtu yeyote kuoga wala kukojoa humo. Je, nyumbani kwako yupo wa kufanya kazi hiyo kila wiki? Mtaje jina kabisa. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

SASA TUAMUE

Jioni moja kaeni pamoja, mke na mume, na watoto wakubwa nao wawepo, maana wao ndio watakaolisha samaki. Chukueni karatasi. Andikeni maswali haya, na mbele ya kila moja andikeni ndiyo au hapana.

(a) Mwisho wa kiangazi tuna maji ya kujaza bwawa na ya kuongeza kila siku?
(b) Shimo la majaribio limeshika maji usiku kucha?
(c) Ardhi inateremka kidogo, siyo sana?
(d) Tuko juu ya alama ya mafuriko, na mbali na mto kama sheria inavyotaka?
(e) Tuko mbali na choo, dawa za shamba, vichuguu na miti mikubwa?
(f) Tunaweza kujenga uzio kabla ya kujaza maji?

Kama yote ni ndiyo, nendeni kwa afisa uvuvi mkamweleze mlichopima. Mpeni na hesabu zenu. Mtaalamu akikuta mkulima ana vipimo mkononi, mazungumzo huwa mafupi na msaada huwa mkubwa.

Kama (c) au (e) ni hapana, huenda mkihamia upande mwingine wa kiwanja mambo yatanyooka. Pimeni tena huko.

Kama (b) ni hapana, zipo njia za kuzuia maji yasinywewe: kuleta udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, kutandika karatasi ngumu ya plastiki, au kujenga kwa saruji. Njia hizi zinafaa, lakini zina gharama. Ulizeni bei kwanza, kisha hesabuni samaki wangapi watauzwa kabla gharama hiyo haijarudi.

Kama (a), (d) au (f) ni hapana, acheni. Hapo si mahali pa bwawa.

Wengine watasema, "Lakini vipimo hivi vyote vinachukua siku nyingi." Haya, tuhesabu tena. Bwawa letu la mita 15 kwa 10 lina udongo mwingi wa kuhamisha. Tuseme ni mita za ujazo 75, kwa kuwa udongo unaochimbwa chini ndio unaoinua kingo. Tuseme mtu mmoja anahamisha mita moja na nusu kwa siku. 75 ÷ 1.5 = siku 50. Vipimo vyote sita, pamoja na kungoja usiku wa maji, havizidi wiki moja. Je, ipi ni nafuu: kupoteza wiki moja, au kupoteza siku hamsini?

Na mtu ambaye kiwanja chake kimekataa, asijione maskini. Udongo usiofaa bwawa unaweza kufaa mihogo, karanga au mapapai. Tena anaweza kuungana na jirani mwenye mahali pazuri. Huyu anatoa kiwanja, yule anatoa nguvu, na mavuno wanagawana kwa mapatano yaliyoandikwa na kushuhudiwa. Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo kalamu inapokuwa na kazi sawa na jembe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mfereji upimwe mwisho wa kiangazi, na siyo wakati wa masika?

2. Bwawa lina urefu wa mita 12, upana wa mita 10 na kina cha mita 1. Litachukua ndoo ngapi za lita 20? Kama mfereji unajaza ndoo moja kwa dakika 2, bwawa litajaa kwa siku ngapi?

3. Katika kijiji chenu, ni wazee gani wanaokumbuka mafuriko makubwa? Nendeni mkawaulize maji yalifika wapi, mwandike.

4. Je, kijijini kwenu kuna shimo, kisima cha zamani au bwawa lisilo na uzio? Ni la nani? Mtafanya nini juu yake wiki hii?